Mkeka wa Kunizikia

Shangazi yangu alianza kuusuka mkeka wa kunizikia wakati bado sijang'oka meno ya utoto. Sitii chumvi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, tukikaa nyumba moja Micheweni, Pemba, na kila nilipolala kitandani kwa maumivu ya mifupa, yeye alivuta miyaa yake, yale majani makavu ya ukindu, akakaa ukumbini, akasuka ukili, ule utepe ambao baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka. Nikipata nafuu, aliuviringa, akaufunga kamba, akautundika kwenye boriti. Nikiugua tena, aliushusha akaendelea pale alipoachia.

Nilijua ni wa nini kwa sababu haukutiwa rangi. Nyumbani kwetu mkeka wa kulalia ulitiwa nyekundu na zambarau. Wa maiti uliachwa mweupe. Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, huo wa nani?" Hakunificha. "Wa mwenye kuuhitaji," akasema, akanitazama kwa huruma. Huruma ile niliichukia kuliko maumivu yenyewe, na naichukia mpaka leo.

Ugonjwa wangu ni selimundu. Chembe za damu hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na mtu akalia usiku na mchana. Nyumbani hakuna aliyelijua jina hilo. Mama alisimulia kwamba nilizaliwa mnono, mwenye mashavu, mzima kabisa, mpaka nilipokaribia kukaa mwenyewe ndipo mikono na miguu ikavimba. Basi akalaumiwa jirani mmoja aliyenibeba akanisifu bila ya kusema mashaallah. Masikini bibi wa watu, shangazi hakumsalimu tena mpaka akahama. Alipohama na mie bado naumwa, lawama ikamgeukia mama, ambaye wazee wake walitoka bara. "Kwetu sisi hakuna damu ya namna hiyo," alisema shangazi. Mama aliinama akaendelea kunikanda miguu. Mie sikuumbiwa kunyamaza, ila nilikuwa mdogo, sikujua ugonjwa huu unatoka wapi.

Nilipofaulu kwenda skuli ya dakhalia, ya kulala huko huko, Chake Chake, shangazi akamwandama baba. "Mtoto huyu hana umri. Unamtoa nyumbani akafie kwa watu?" Baba akaanza kulegea, nilimwona kwa macho yangu. Nikatoka chumbani, homa bado imo mwilini, nikasimama mbele yao.

"Baba, kama kufa nitakufa, basi nife nikijua kinachoniua. Kukaa hapa kungojea mkeka umalizike, sikubali!"

Nilidhani nitapigwa kofi. Baba aliangalia juu penye boriti, akaangalia chini, akaniambia nikafunge mzigo wangu.

Nikasoma. Nililazwa, nikatoka, nikanakili masomo ya wenzangu, nikalazwa tena. Wenzangu wakienda Gombani kushangilia mpira, mie nilibaki nimejifunika blanketi kwa sababu baridi ya mvua ilikuwa adui yangu, natukana kimoyomoyo. Hivyo hivyo, kwa ubishi, nikafika chuo kikuu bara. Na huko, katika mhadhara mmoja wa baiolojia, nusura nipige ukelele.

Mhadhiri alikuwa akieleza jinsi uzi wa DNA unavyoenea ndani ya kiini cha seli. Uzi ni mrefu mno na kiini ni kidogo mno, kwa hiyo unazungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kidogo hapa, kidogo pale. Kila kifundo huitwa nukleosomu, na vifundo vyote pamoja na uzi wake ndiyo kromatini. Mpaka hapo nilikuwa napiga miayo. Kisha akasema kwamba vifundo vile vina wageni wao. Ziko protini zinazokishika kifundo pale uzi unapoingilia na kutokea, zikaubana, vifundo vikasongamana, na jeni iliyomo humo isisomeke. Ziko nyengine zinazokalia kifundo hicho hicho, zikagombea nafasi na zile za mwanzo, zikakilegeza, na jeni ikapata kusomwa. Jeni yenyewe haibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni nani kaishika.

Ukili! Niliuona ule wa boriti mbele ya macho yangu. Umeviringwa, umefungwa kamba, huwezi kuushona, lakini upo wote, haukupungua hata shubiri.

Halafu mhadhiri akatoa mfano, na mfano wenyewe ulikuwa mie. Mtoto akiwa tumboni, alisema, hutumia himoglobini yake mbali, yenye jeni yake mbali, isiyokuwa na kasoro ya selimundu. Baada ya kuzaliwa, huja protini zikaifunga jeni hiyo, kromatini ya mahali pale ikabanwa, na jeni ya ukubwani ikashika kazi. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima, akaanza kuumwa baadaye. Kumbe jirani wa watu hakuwa na kijicho chochote! Na ile jeni yangu ya utoto haikufutwa. Imo ndani yangu, nzima, imefungwa tu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, kwa sababu nilichokihitaji nilikuwa nacho siku zote.

Likizo ile nilimfuata shangazi jikoni.

"Selimundu haitoki upande mmoja," nikamwambia. "Lazima mtoto airithi kwa mama na kwa baba. Nusu nimepewa na mdogo wako, na huenda hata wewe unayo."

"Ala! Mwana huna adabu wewe!"

"Adabu ninayo, shangazi. Lakini mama hatabeba peke yake mzigo wa watu wawili."

Mama alikuwa pembeni anakuna nazi. Aliacha kukuna. Nikaenda ukumbini, nikapanda juu ya kiti, nikautungua ukili. Shangazi akanifuata mbio. "Unaupeleka wapi?" Nikamuuliza, "Wangu au si wangu?" Akanipisha mlangoni.

Nilipoajiriwa kufundisha Pemba, niliingia nao darasani. Nilitia herufi kwa wino, wanafunzi wakauzungusha kwenye vifuu vya nazi, wengine wakaubana kwa kamba, wengine wakawa na kazi ya kulegeza, na mmoja alitakiwa asome herufi. Fujo tupu, lakini walielewa. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona ukili wenyewe mweupe hivi?"

"Wa maiti huo."

Darasa zima likaruka nyuma. "Maiti gani, mwalimu?"

"Huyu anayekufundisheni. Haya, rudini mufunge!"

Baadaye kliniki walinianzishia vidonge vinavyoiamsha tena himoglobini ya utoto. Namna hasa vinavyofanya kazi wataalamu wenyewe bado wanabishana, na si kila mtu vinamkubali. Mie vimenikubali. Simdanganyi mtu, bado kuna siku naumwa nikauma mto. Ila siku hizo zimekuwa chache, na nywele zangu zina mvi. Mvi hizi nazipenda, sizitii hina.

Ukili ulipochakaa kidogo kwa mikono ya wanafunzi, mimi na mama tuliushona. Tulizungushia ukingo mwekundu, mwekundu kweli kweli, tukautandika ukumbini kwangu.

Shangazi alikuja kunitazama mwaka huo, mzee sasa, mguu mmoja mzito. Nilimwamkia, nikamshika mkono, nikamkalisha. Akawa anaupapasa mkeka huku tunaulizana hali, na vidole vyake vikautambua kabla ya macho.

"Huu si ule?"

"Ndiyo ule."

Akaniuliza, wala hakuwa na ubaya, alikuwa na wasiwasi wa kweli, "Na sasa, mwanangu, siku yako ikifika tutakuzikia mkeka gani?"

"Mtatafuta mwengine, shangazi. Huu una kazi," nikasema. Kisha nikamwambia asogee, nami nipate pa kukaa.