Nafasi ya Saumu

Naikumbuka Jumatatu moja pale Kigombe, mwanangu, kabla nywele hizi hazijawa nyeupe. Nilikuwa mwalimu mgeni, Msambaa wa milimani niliyetupwa pwani, sina ndugu wala wa kula naye. Jioni nilipika ugali wangu, nikala nikiutazama ukuta. Nakwambia hili mapema kwa kuwa wewe nawe, mwalimu mpya, umepangiwa kituo ambako humjui mtu, na upweke humfanya mwalimu awe mkali bila kujijua.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha vigawanyo darasa la nne. Andalio langu la somo nililiandika kwa mwandiko wa kujionyesha: wanafunzi ishirini na wanne watoke nje hadi uwanjani, wajipange mistari yenye idadi sawa, waone kwa macho yao. Mistari miwili ya watoto kumi na wawili. Mitatu ya wanane. Minne ya sita. Kila wakijipanga asibaki mtu, tumepata vigawanyo. Nilijiona fundi, we acha tu.

Kumbe asubuhi ile kaletwa mtoto mpya, Saumu, kutoka Maramba, amekuja kukaa kwa bibi yake. Tukawa na ishirini na watano. Kila nilivyopanga mistari, yeye akabaki.

"Wewe kaa pembeni kwanza," nikamwambia, "unaniharibia hesabu."

Wenzake wakacheka. Akaenda akasimama kando ya tangi la maji, mikono nyuma.

Ningekoma hapo ingekuwa afadhali. Lakini zoezi lilinoga, nikalirudia Jumanne na Jumatano, na mara zote mbili Saumu alikwenda kwenye tangi mwenyewe, hata sijamwambia. Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja.

Mwalimu mkuu wetu, mama mtu mzima wa hapo hapo Kigombe, alikuwa akituona kupitia dirisha la ofisi. Ijumaa hiyo akaniita. Nikamwamkia, shikamoo yangu akaijibu nusu.

"Daftari lako la mahudhurio lina watoto wangapi?"

"Ishirini na watano, mama."

"Haya, nitajie vigawanyo vya ishirini na tano."

"Moja," nikasema, "tano..."

"Mistari mitano ya watoto watano watano," akamalizia. "Habaki mtu. Umemtoa mtoto ili hesabu yako ikae sawa, na ilikuwa sawa naye akiwa ndani. Nenda kamlete."

Nilikwenda jioni ile ile. Bibi yake alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka, akanikaribisha kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

"Kesharudi kwa mamaye Maramba," akasema. "Kalia siku mbili. Ati shule hii haina mstari wake."

Jumamosi nikafunga safari hadi Maramba. Mama yake alikuwa ameondoka naye asubuhi ile kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na majirani hawakujua ni yapi. Sikumwona tena. Jumatatu niliwapanga watoto mistari mitano, nikaacha nafasi moja wazi katika mstari wa mwisho. Hawakuuliza. Walijua ni ya nani.

Leo naishi Muheza peke yangu. Wanangu wa kuwazaa wana shughuli zao mjini, hupiga simu wakikumbuka. Ziko jioni najiona nimesimama kando ya tangi lile, mikono nyuma, na wala silalamiki.

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujafungua andalio lako, hesabu waliopo. Akizidi mmoja, badilisha somo, usimtoe mtoto. Na ukikuta ni ishirini na watatu, hesabu isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, wapange mstari mmoja mrefu, wote, hata ukizunguka uwanja. Huo nao ni mstari.

Nenda salama. Mungu akulinde huko ugenini, akupe wa kula naye, na popote utakapopangiwa ukute umewekewa nafasi mstarini.