Kilo Themanini za Mzee Mahmoudi

Carlos Lokwa amebeba watu kwa baiskeli mjini Kisangani miaka kumi na tisa, na katika muda huo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui uzito. Pikipiki zilikuja, zikachukua vijana, wagonjwa na wenye haraka. Wenye toleka, hizi baiskeli za abiria, wakabakiwa na wazee, magunia, na watu wanaoogopa mwendo. Carlos hakulalamika. Alisema gunia halina haraka, na wala halikuiti mjinga ukikwama kwenye matope.

Parking yake iko pale lami inapokata tamaa, upande ambako malori ya njia ya Bafwasende hushusha abiria. Kila siku saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo, wenye toleka huegesha baiskeli, sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, ikapita mkono kwa mkono, na kila mmoja akasimulia mzigo wake wa siku. Aliyebeba mzito kuliko wote ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni kesho yake. Bila shaka wote huongeza. Gunia la kilo arobaini huwa themanini, na kuna mama mmoja wa sokoni ambaye kati ya kituo na sahani ya lituma alifikia kilo mia na sitini bila kula chochote njiani. Hakuna anayedanganyika. Msikilizaji hugawa kwa mbili kichwani, msemaji anajua kwamba wanagawa, na ukweli hufika nyumbani salama.

Jumanne moja Carlos alimbeba mzee aliyeshuka kwenye lori akiwa na kofia ya kufuma, ndevu nyeupe na mfuko mmoja. Nyuma yao, kwenye baiskeli ya pili, alikuja Djamila, mkwe wa mzee, na mtoto wa miaka miwili aliyelala na macho nusu wazi. Walikuwa wametoka Bafwasende. Hakuna aliyewauliza kwa nini. Mwezi ule watu wa mapanga waliotoka msituni walikuwa wamepita katika vijiji vya njia ile, na wale waliofika mjini walikuwa na namna moja ya kukaa: karibu na mlango.

"Papa, nifunge mufuko nyuma?" aliuliza Carlos.

"Apana. Utakaa hapa, juu ya magoti yangu."

"Iko nini ndani?"

"Iko kazi yangu," alisema mzee, na jina lake akalitoa baadaye kidogo, kama mtu anayelipima kwanza: Mahmoudi.

Carlos aliwapeleka kwa Mama Fortunée, mjane anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, kwenye avenue anayokaa yeye mwenyewe, ambaye ana chumba cha nyuma kilichobaki kitupu tangu wanawe waende Kinshasa. Majirani walipomuuliza kama amefikiri vizuri, Mama Fortunée aliendelea kukung'uta chumvi kwenye samaki. "Chumba haina mutu, na mutu haana chumba," alisema. "Munataka niite komisheni?"

Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama kinavyopaswa kwenda. Ikafika saa kumi na moja.

"Mie leo nilibeba mzee wa Bafwasende na kimufuko chake," alisema Carlos zamu yake ilipofika. "Kimufuko pekee, kilo makumi munane! Gurudumu ya nyuma ililia kama mbuzi."

"Makumi munane?" Franck, prezida wa parking, aliwahi kusoma chuo kikuu miaka miwili, na tangu hapo hukagua kauli za wenzake. "Alibeba nini, maiti?"

"Chuma, mon cher. Chuma tupu. Anaipakata kama mutoto, anakataa hata niiguse."

Walicheka. Carlos akapewa nafasi ya kwanza kwenye foleni, na akarudi nyumbani kwa mke wake Angèle akiwa mtu aliyetosheka.

Kilichotokea ni kwamba siku ile hakuna aliyegawa kwa mbili. Kwa nini, ni vigumu kusema. Katika simu za watu ilikuwa ikizunguka sauti ya mwanamke anayelia, akisema wameingia, wameingia, bila kutaja mahali. Kwa hiyo kila avenue ilimsikiliza kama mtu wa kwao. Mtu akiwa na sauti kama hiyo mfukoni, hesabu ya kugawa humponyoka.

Jumatano asubuhi abiria wa kwanza wa Carlos alikuwa mama mwenye ndoo ya mawese. Hawajafika mbali, mama akamwinamia sikioni.

"Papa, ulisikia? Kuna mzee aliingia kwetu na bombe ya kilo mia moja."

"Nani alisema?"

"Mutu wa toleka mwenyewe aliyemubeba. Na bale bantu banajua uzito."

Carlos aliendelea kukanyaga pedali. Miaka kumi na tisa alikuwa ametamani kuaminiwa hadi kilo ya mwisho, na sasa ilikuwa imetokea, na kwa nyongeza ya kilo ishirini.

Alipofika parking alimvuta Franck kando. "Prezida, ile ya jana, unajua. Ilikuwa mzigo ya siku."

"Najua."

"Mufuko haikuwa hata na ishirini. Waambie watu."

Franck alitazama lori lililokuwa likiingia, akatazama watu waliokuwa juu yake. "Carlos, jana ulisema nzito, leo unasema nyepesi. Katikati ya jana na leo walikupatia nini kula?"

"Lituma yako weye mwenyewe!"

"Bon. Mie nakuamini. Lakini mie ni mutu mumoja."

Alhamisi alasiri chef wa avenue, Papa Édouard, aliitisha mkutano katika ua wa Mama Fortunée. Papa Édouard ni mwalimu mstaafu, mtu wa haki, asiyependa fujo kiasi kwamba hukubaliana na wenye fujo mapema. Walikuja watu wapatao sitini. Wachache walikuja na majembe, ingawa hapakuwa na shamba karibu. Mama Fortunée alipoyaona, alimwambia Djamila amfunge mtoto mgongoni, kitu ambacho Djamila alikuwa amekwisha kukifanya. Kama mzee angetolewa nje ya ule ua mikononi mwa watu hawa, wote wawili walijua asingefika mwisho wa avenue.

Carlos alisimama akasema mbele ya wote kwamba alidanganya. Alieleza mzigo wa siku ni nini, nafasi ya foleni ni nini, na jinsi watu wanavyogawa. Ilikuwa hotuba nzuri. Ndani yake mtu mzima alikuwa akivua heshima yake mbele ya majirani, kipande kwa kipande, na waliomsikiliza walimwonea aibu kidogo.

"Kama ulidanganya juzi," alisema mmoja wa wenye majembe, "ni nani atatuambia leo hudanganyi?"

"Mufuko wenyewe," alisema Mzee Mahmoudi.

Aliuleta mwenyewe, akauweka chini, akafungua kamba. Ndani mlikuwa na kitenge cha mke wake marehemu, na ndani ya kitenge kichwa cha cherehani, cheusi, chenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Meza na pedali zake zilibaki Bafwasende, katika soko aliloshonea miaka ishirini na tisa. Alipangusa vumbi, akatia uzi, akazungusha gurudumu polepole, na sindano ikapanda na kushuka. Kisha akainua uso.

"Nani suruali yake imepasuka?"

Zilikuwapo kadhaa. Hakuna aliyetoa.

Watu wengine, angalau katika visa vinavyosimuliwa kanisani, wangecheka hapo, wakakumbatiana. Hapa, jirani mwenye kuuza mchele aliagizwa alete mizani yake. Cherehani ikapandishwa, wakainama wote kusoma: kilo kumi na tatu.

Kisha mtu mmoja, bila hasira yoyote, kama mwanafunzi anayeuliza swali la hesabu, akasema:

"Donc, zile zingine makumi sita na saba ziko wapi?"

Carlos alipiga kelele kwamba hazikuwapo kamwe, kwamba alizizaa mwenyewe kwa mdomo wake juu ya sahani. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, na swali lenye tarakimu hupendwa kuliko jibu lisilo nazo. Majembe yakapata kazi. Walichimba nyuma ya chumba, chini ya tanuru ya kukaushia samaki, kando ya choo. Walichimba kwa adabu. Mmoja aliomba radhi kwa Mama Fortunée alipokata mizizi ya ndizi yake. Djamila alikaa kizingitini na mtoto mgongoni, akiangalia mashimo yanavyorefuka. Alikuwa ameona mashimo ya urefu ule, na si zamani.

"Papa Édouard," alisema Mama Fortunée, "utachimba mpaka Kindu?"

"Tunatafuta amani, mama."

"Haiko huku. Huku iko choo."

Hawakupata kitu. Hilo halikuwatuliza. Kama wangepata panga la kutu, pengine wangeridhika na kwenda kulala. Kutopata kitu kulimaanisha kwamba kimefichwa vizuri. Papa Édouard alisimama ukingoni mwa shimo, akapangusa viatu, akasema kwamba hakuna anayemshitaki mtu. Yeye binafsi hana shaka na mzee. Ila hawezi kujibu kwa niaba ya vijana wa avenue ya pili, ambao wamesikia, na ambao si watu wa kupima kwa kilo. Ingefaa wageni waondoke kesho asubuhi, kwa usalama wao. Neno la usalama alilirudia mara tatu, na kila mara lilionekana kuwa la mtu mwingine.

Mzee Mahmoudi alifunga mfuko wake. "Tulishaondoka mara moja," alisema. "Tunajua namna."

Ijumaa alfajiri ikawa ya ukarimu ambao avenue ile haijapata kuuona. Walioleta majembe walileta mihogo. Mwenye mchele alileta mchele. Mtu alileta sabuni, mwingine mkeka, mke wa Papa Édouard shuka la mtoto, jipya, likiwa bado na mikunjo ya dukani. Walilia kidogo, wakamshika Djamila mikono, wakamwambia Mungu atawatangulia. Kwa mara ya kwanza mizigo ya familia ile ilikuwa mizito kweli.

Franck alikuja na baiskeli yake bila kuitwa. "Mie nabeba mama na mutoto," alimwambia Carlos. "Mzee na kilo zake, beba weye."

Walishuka hadi Makiso, bandarini, ambako baleinière, mashua ya mbao iendayo Yanonge, ilikuwa inajaza watu. Carlos alikuwa na mpango mfupi: awapandishe, awaambie wamtafute mama yake mdogo anayekausha samaki kule, arudi kazini kabla ya saa nne. Franck aliwashusha Djamila na mtoto, akageuza baiskeli, akaondoka bila kuaga mtu.

Kwenye ubao wa kupandia alisimama Benie, mwanamke anayepanga abiria wa mashua ile, ambaye husukuma watu ndani hadi mbao zinaugua. Aliona kofia, akaona ndevu, akaona mfuko. Mkono wake ukafunga njia.

"Ni huyu wa kilo mia mbili?"

Vichwa vikageuka mashua nzima. Carlos alielewa kwamba maneno yake yamefika mtoni kabla yake, na kwamba huko Yanonge yatakuwa yamewatangulia pia, yakiwangoja ufukoni.

"Tonton, nani anamujua huyu mzee?" Benie aliuliza. "Siku hizi bila mutu wa kumujua, hapandi."

"Mie."

"Tangu lini?"

Jibu la kweli lilikuwa Jumanne. Carlos alitazama nyuma, kule mjini, ambako avenue ya pili ilikuwa imeamka. "Tangu nizaliwe. Ni ndugu ya mama yangu."

Benie alitazama rozari shingoni mwa Carlos, akatazama kofia ya mzee. Hakucheka. Alikuwa na watu mia na arobaini wa kufikiria.

"Kama ni mujomba wako, panda naye. Kitu ikitokea, tutakuuliza weye. Wa kwanza."

Carlos aliinua baiskeli, akaipitisha juu ya ubao. Angèle alikuwa akimngoja kwa chakula cha mchana. Alimpa Djamila mkono, kisha mzee, kisha akauchukua mfuko mwenyewe, na ulikuwa mwepesi.

Katika baleinière ya Yanonge mtu hukalia mguu wa mwenziwe safari nzima na hushukuru. Asubuhi ile watu walisogea. Walivuta magunia, kuku na watoto, wakabanana kule mbele na huku nyuma hadi ubavu wa mashua ukakaribia maji, na katikati pakabaki nafasi ya watu wanane, safi, mbao zake zikionekana. Wale wanne waliketi hapo na cherehani. Kutoka nyuma mtu aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mwenye baiskeli naye ametoka kule msituni. Injini iliwaka kabla jibu halijasikika.