Betri za Juani

Leo nimefungua rimoti, na harufu ya betri iliyovuja ikanirudisha utotoni kwetu Mjambere, kwenye redio ya baba. Timu ya taifa ilikuwa ikiongoza bao moja. Ikishinda, inakwenda Kombe la Afrika. Betri tulizianika juani tangu asubuhi, zikaiva kama mahamri. Dakika za mwisho mtangazaji akaanza kunong'ona, kisha akazimika kabisa. Baba akaziuma betri zote, wallahi nusura azitafune.

"Baba watoto, utaimeza na redio!" mama akacheka.

Mara nyumba za jirani zote zikaguna kwa pamoja.

"Baba, niende nikaulize?"

"Keti, mwanangu," akasema, mkono juu ya redio. "Humu ndani bado tunaongoza."