Yai la Chuma la Shangazi Ferista

Shangazi yangu alifukuzwa kwake kwa sababu ya yai la chuma.

Sitanii. Yai kabisa, alilifua babu yake kwa mkono, limezibwa pande zote. Ukilitikisa, kitu kinagonga ndani.

Watoto wawili wa ukoo walipofariki kwa kufuatana, maneno yakaanza kule kijijini Mbozi. Eti shangazi ni mchawi, ndani mna meno ya marehemu.

Baba mkubwa Osea, mdogo wa damu wa shangazi, ndiye aliyesimama kwenye kikao cha ukoo. "Dada aondoke."

Akaondoka. Akaacha nyumba na kahawa yake, akapanga chumba mji mdogo wa Mpemba, akawa anauza nyanya kando ya foleni ya malori ya mpakani.

"Tulipasue tu, shangazi," nikamwambia.

"Nesta, nikilipasua watasema nimeshayatoa."

Mimi nasomea mambo ya vyuma chuoni. Kuna kituo cha nyutroni Ulaya kinapokea watafiti wageni. Unaandika ombi, likipita wanakupa muda kwenye mtambo, na nauli juu yao. Nyutroni ni vichembe vidogo mno, vinapenya chuma na kukuonyesha kilichomo bila kukivunja.

Nikaomba kupima kazi za wahunzi wa zamani wa Mbozi. Likapita. Yai nikasafiri nalo, na vibali vyake.

Mbele ya ule mtambo nikajiuliza: Je, kama ni meno kweli?

Picha ikatokea.

Kigololi cha chuma. Basi.

Lilikuwa njuga ya kuchezea mtoto. Nililia mbele ya wenyeji wangu, sikujali.

Niliporudi, moja kwa moja kwa baba mkubwa. Nikamkuta anapalilia kahawa ya shangazi. Nikampa simu aone picha.

Akaitazama kwa utulivu, akanirudishia.

"Najua, mwanangu. Dada alikuwa ananitikisia hilo nikilia."

"Sasa kwa nini, baba?"

Akainama, akaendelea kupalilia.

Nilifika Mpemba nimechoka roho. Nikamweleza shangazi yote, sikuficha. Alikuwa anapanga nyanya. Akasema taratibu:

"Kumbe Osea anakumbuka."

Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza tangu wamfukuze.

Kesi ya shamba sasa iko baraza la ardhi. Itaishaje, sijui.

Ila wadau, nilidhani watu wanamwonea mtu kwa kutojua. Wengine wanajua vizuri kabla yako. Ukisikia mtu kaitwa mchawi, uliza kwanza shamba lake analima nani.