Harufu ya Jumamosi Saa Kumi

Gereji nzima ilimwita Koti Tatu, kwa sababu hakuna gari lililotoka mikononi mwake likiwa limepigwa koti mbili tu za rangi. Mteja angebembeleza, angenuna, angetazama saa. Yeye angeshusha barakoa kidevuni na kumwambia bado moja. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na miwili, na barakoa hiyo, ukweli usemwe, ilikaa kidevuni zaidi kuliko puani. Thina ya kuchanganyia rangi ilimla pua taratibu, mpaka ikafika siku akawa hanusi tena kitu: si petroli, si sabuni, si maziwa yaliyochacha. Aliwatania wenzake kwamba pua yake imestaafu kabla yake mwenyewe.

Mkewe alikuwa mpishi katika nyumba ya mhandisi mmoja Mkorea. Mke wa mhandisi ndiye aliyemfundisha bulgogi: nyama ya ng'ombe inayokatwa nyembamba kama karatasi, ikalowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na peasi lililokunwa, kisha ikapitishwa upesi kwenye kikaango chenye moto mkali. Katika nyumba ile waliila nyama hiyo kila Jumamosi mchana. Saa kumi jioni mpishi wao alikuwa anapanda ngazi za kwao mwenyewe, ghorofa ya pili, harufu ya nyama ile imemkaa kwenye nywele na kwenye kilemba.

Koti Tatu hakuitaka harufu hiyo. Sababu hakuwahi kuisema, na huenda hata yeye hakuijua vizuri. Ilikuwa harufu ya nyumba nyingine, ya watu waliokaa na mkewe tangu asubuhi na kumrudishia jioni akiwa hoi. Kwa hiyo kila Jumamosi alimwambia akaoge kwanza ndipo aje sebuleni, na kuipika nyama hiyo hapo nyumbani alimkataza kabisa. Mkewe alimjibu mara moja tu. Alisimama mlangoni, mkoba bado begani, akasema, "Wewe unarudi unanuka thina tangu uliponioa. Mimi nimewahi kukupeleka bafuni?"

Kisha akaenda kuoga. Koti Tatu aliisimulia gereji habari hiyo kama kichekesho, wakacheka wote. Hata pua yake ilipokufa aliendelea vilevile. Hakunusa chochote, ila aliona saa imefika kumi, akasema maji yapo.

Mkewe alifariki ghafla, kwa presha, katikati ya wiki ya kazi. Mhandisi na mke wake walikuja mazikoni, wakainamisha vichwa kwa muda mrefu kuliko watu wote, na baada ya miezi miwili wakarudi kwao Korea.

Katika mwezi wa saba wa ujane wake, siku ya Jumamosi, Koti Tatu alikuwa mezani anasafisha bunduki yake ya kupulizia rangi. Harufu ikamjia. Haikuingia kidogokidogo kama harufu zinavyoingia. Ilikuwapo tu, kama mtu aliyekwisha kuketi kwenye kiti cha pili. Ufuta, sukari iliyoshika moto, kitunguu saumu, na chini yake jasho jepesi la mtu aliyepanda ngazi. Hakuwa amenusa kitu kwa miaka minne. Alijishika pua kama anayeshika jeraha. Alipoinua macho, saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika tano.

Alitafuta. Alifungua pipa la taka, akafungua kabati, akashuka kwa jirani wa chini, fundi cherehani aliyekuwa shoga wa marehemu, akamkuta anachemsha maharage. Aliporudi juu haikuwapo tena. Jumamosi iliyofuata ikaja saa ileile, na iliyofuata tena. Bintiye, muuzaji wa duka la dawa, alimweleza kwa upole kwamba pua iliyoharibika huweza kujitungia harufu isiyokuwapo, na kwamba jambo hilo linajulikana kwa madaktari. Koti Tatu alikubali. Alichoshindwa kuelewa ni namna pua inavyoijua Jumamosi.

Akaanza kukosa raha. Kila ilipokaribia saa kumi alivaa viatu akatoka, akazunguka mtaa mzima, na kurudi gizani. Siku moja alibaki kwa sababu ya mvua, na harufu ilipokuja alijikuta anasema, kwa sauti, maji yapo. Alikaa chini sakafuni. Wiki hiyohiyo aliamua kuipika nyama ile yeye mwenyewe, ndani ya nyumba aliyoikataza, akiamini kwamba kama kuna deni la moyo basi litaisha hapo na ataachwa apumzike.

Alimwomba bintiye amtafutie namna inavyopikwa. Binti akauliza, "Ipi baba? Ile ya kwao, au ile mama aliyokuwa akipika hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani. Ulipoacha kunusa, alikuwa anaipika Ijumaa kwa Ijumaa. Alikuambia ni nyama ya kukaanga." Binti alimtazama baba yake, akaona hana budi kumalizia. "Na wewe uliomba uongezewe. Kila mara."

Koti Tatu aliikumbuka nyama hiyo. Aliikumbuka jinsi ilivyokuwa laini, na jinsi mkewe alivyoketi mbele yake bila kula, mkono shavuni, akimtazama anavyotafuna. Yeye alidhani ni uchovu.

Jumamosi alinunua sarara, akaiweka kwenye friji mpaka ikaanza kuganda ili isimteleze kisuni. Bintiye alimwelekeza naye akakata, akikingamisha kisu na nyuzi za nyama, kwa subira ileile ya kupaka rangi mlango wa gari. Kila kipande alikinyanyua kwenye mwanga wa dirisha; kilichokuwa kinene alikipasua tena. Binti akamwambia kwa mwendo huo watakula Jumatatu. Aliiloweka saa tatu nzima, akaigeuza mara tatu, na hakuna aliyeuliza kwa nini tatu.

Kikaango kilipolia, moshi ulijaa jikoni. Yeye hakunusa kitu. Mlango ukagongwa, akaingia jirani wa chini akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni, akihema, akawatazama wote wawili na kisha mlango wa chumba cha kulala. "Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilikuwa kwenye cherehani, harufu ikanifikia. Miguu imepanda ngazi yenyewe." Akaketi, akapangusa macho, wakampa sahani.

Walikula. Saa kumi ikafika, ikapita. Harufu haikuja.

Wala wiki iliyofuata haikuja. Koti Tatu alikuwa amepata alichokitaka, na nyumba ikawa kimya kuliko wakati wowote tangu mazishi. Akakaa Jumamosi tatu bila kupika, akidhani labda ataifanya irudi. Akajaribu kukaa mezani na bunduki ya rangi mkononi, kama siku ile ya kwanza. Akajaribu hata kutoka kuzunguka mtaa, akirudi ghafla na kufungua mlango upesi. Hakuna.

Sasa anapika kila Jumamosi. Anapakua sahani moja, anashuka nayo kwa jirani, na kabla hajamwachia anamwomba amwambie inanukaje leo. Jirani mwanzoni alijibu kwa kifupi, kwamba inanukia vizuri. Siku hizi anazima cherehani, anafumba macho, na kumweleza taratibu: leo kitunguu saumu kimetangulia, ufuta uko nyuma, utamu umezidi kidogo. Koti Tatu anasikiliza akiwa amesimama mlangoni, kichwa kimeinama upande mmoja. Wakati mwingine anauliza kama hakuna kingine, chini ya hivyo. Jirani anavuta pumzi tena, anatafuta kwa uaminifu, halafu anamwambia hapana.