Kuku Mbichi Mezani pa Wakwe

Naikumbuka vizuri Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia ngozi ya kuku ikivunjika jinoni mwa mtu, moyo hunienda mbio. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja ya ufuoni, nikiishi Bombolulu kwa shangazi yangu Mbeyu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Mvi hizi hazikuwapo, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko mikono.

Mpishi wetu mkuu alikuwa Mtaliano, mzee mkali asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuoka kuku mzima mpaka ngozi iwe ya dhahabu, ukiigonga kwa kisu ilie kama jani kavu. "Maji adui ya ngozi," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Kuku alifutwa kwa kitambaa mpaka akakauka, akapakwa chumvi, akalazwa kwenye friji bila kufunikwa. Kesho yake alitolewa mapema ili baridi imtoke. Tumboni tulimtia limau, kitunguu saumu na majani ya rozmeri. Nje, mafuta ya zeituni. Na kabla ya kupeleka mezani, ulichoma kisu kwenye kiungo cha paja. Maji yakitoka meupe, andaa. Yakitoka mekundu, rudisha motoni, hata mgeni awe nani. Sheria hiyo yule mzee hakuwahi kuivunja.

Jumapili hiyo wakwe walikuwa waje. Nilikuwa nimemposa Sidi, binti wa Mzee Charo wa Chaani, na baba yake alitaka kwanza kuiona nyumba ambayo mwanawe angeishi. Angekuja na mkewe, na Sidi mwenyewe, na dada yake mkubwa, Kache, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Kache alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Sidi aliniambia hilo kwa sauti ya chini, na nilijua jinsi nyumba nzima ilivyoichunga hii ya tatu.

Shangazi alitaka kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikakataa.

"Leo napika mimi, shangazi. Nataka wajue wanampa nani binti yao."

"Haya," akasema. "Lakini mgeni huja kula, Kazungu, haji kutazama."

Asiyesikia la mkuu, mwisho wake unaujua.

Jumamosi nilitoka kazini hoi, nikalala, kuku bado ameganda kama jiwe. Asubuhi nikamtia majini. Nje akalainika, ndani, nilipoingiza mkono, vidole vilikufa ganzi kwa barafu. Ilikuwa tayari saa tano, na wageni walitarajiwa saa saba. Ningeweza kumkatakata nimtie kwenye mchuzi, na hakuna ambaye angenilaumu. Kiburi hakikuniruhusu. Nikamfuta, nikampaka mafuta, nikamwingiza kwenye kioveni chetu cha gesi, nikafungulia moto wote.

Walipobisha hodi nyumba ilikuwa ikinukia mpaka barabarani. Kuku alipendeza, mwanangu, alipendeza sana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kile kisu cha kupimia sikukichoma. Nilijua kitaniambia nini.

Nikamkata mbele yao, kama tulivyofanya hotelini. Ngozi ikalia, mama yake Sidi akacheka kwa furaha. Mzee Charo, mtu aliyebeba mizigo bandarini maisha yake yote na asiyesifu ovyo, akasema, "Kijana ana mikono huyu."

Neno hilo ndilo lililonifunga. Kwa maana hapo hapo nilivuta paja, na kwenye kiungo nikaona nyama nyekundu inayong'aa, na maji ya damu yakichuruzika. Nikaligeuza upesi, ngozi juu.

"Paja mpe Kache," mama yao akasema. "Ana mgeni tumboni."

Nikaliweka kwenye sahani yake. Kache akaanza na ngozi, akafumba macho kwa utamu. Halafu akalipindua.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "hii imeiva kweli? Huku mfupani naona wekundu."

Shangazi akaweka kijiko chini. Wote wakanitazama. Ningesema neno moja tu, "bado," na aibu ingekwisha kabla mikono waliyonawa haijawakauka. Badala yake nikacheka.

"Ndivyo wanavyopika Wataliano, shemeji. Utamu uko hapo hapo."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Akamega, akala. Akamega tena. Mazungumzo yaliendelea lakini sikuyasikia. Nilisikia kutafuna kwake tu. Nikalitazama lile tumbo lililogusa ukingo wa meza. Alipoinua kipande cha tatu nikaruka, nikamshika mkono. Sahani ikaanguka, ikapasuka.

"Usile! Nimekudanganya. Haijaiva, na nilijua!"

Mzee Charo akasimama, akamwinua binti yake. "Twendeni hospitali," akasema. Hakunitazama. Sidi alinitazama, na ingekuwa afadhali asingenitazama.

Walipokwisha kuondoka, shangazi aliinama kuokota vigae. Hakupaza sauti. "Kuku mbichi hurudishwa motoni," akasema. "Hilo neno ulilompa mtoto wa watu, utalirudisha wapi?"

Daktari alisema wamwangalie Kache nyumbani. Siku ya pili homa ikapanda na tumbo likamwendesha, akalazwa, akatundikiwa maji. Kila nilipotoka kazini nilikwenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwamkia Mzee Charo, hakuitikia. Sikumlaumu. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, nikiogopa uso wa atakayetoka.

Siku ya tano akatoka mama yake Sidi. "Homa imeshuka," akasema. "Mtoto anacheza. Kache anakuita."

Nikaingia, nikapiga magoti kando ya kitanda, na machozi yakanitangulia. Kache akanipa ncha ya leso yake nijifute.

"Shemeji," akasema, "uongo wako ulikuja mbio, ukweli wako ukaja unachechemea. Lakini ulikuja. Siku nyingine mtangulize huyo anayechechemea."

Mzee Charo alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mambo ya posa yatangoja," akasema. "Kwanza mjukuu wangu azaliwe."

Tukangoja miezi miwili, na sikumbuki kama nililala vizuri hata siku moja. Akazaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ndipo mzee akaniita Chaani. Nikamwoa Sidi. Ila ilimchukua zaidi ya mwaka kuniamini. Nikimwambia chakula kimeiva, alikuwa akifunua sufuria ajionee mwenyewe. Nilimwacha afunue. Nilistahili.

Basi, mwanangu, siku utakapomwoka kuku huyo nyumbani kwako, mkaushe ngozi, mpe muda wake, na usiogope kumchoma kisu pajani. Lakini hata mpishi hodari ana siku yake ya kukosea. Siku hiyo ukiulizwa, sema "bado," sema "sijui," sema "nimekosa," na useme pale pale, kabla mtu hajakiweka kinywani ulichompa. Aibu ya kukiri huisha watu wakiwa bado mezani. Ile ya kuficha hukuachia benchi la hospitali, ukihesabu milango.

Mungu akupe moyo wa kusema kweli ungali na nafasi. Akujaze wageni, na kila aliyeketi kwako ainuke mzima, arudi kwao akiliombea jina lako. Amina.