Mifarishi Mitatu ya Mama Bado

Jina la Mama Bado alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi usiojua kupumzika. Kila alipokuja kutembea aliuliza, "Wifi, ule mfarishi vipi?" na jibu lilikuwa lile lile, "Bado kidogo." Mwanzoni wifi alinyamaza kwa adabu. Baadaye akawa anajijibu mwenyewe kabla hajavua viatu. Mwisho akaona kwa nini ajisumbue, akamwita Mama Bado, na jina likamganda. Mwenyewe halikumuudhi hata kidogo. Alisema kuna watu wanaitwa mabingwa na hawajamshinda mtu, yeye angalau jina lake amelitolea jasho.

Mfarishi, kwa asiyewahi kulala chini yake, ni blanketi la kushona. Juu ni vipande vidogo vidogo vya vitambaa vilivyoungwa mpaka vikatoa umbo, katikati pamba, chini bitana, halafu tabaka zote hizo zinapigwa sindano pamoja, kwa mkono, mstari kwa mstari, hadi mgongo ukuulize umekukosea nini. Mtu mwenye akili zake hushona mmoja, akaumaliza, ndipo akafikiria wa pili. Mama Bado alikuwa nayo mitatu kwa mpigo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mshika tatu hawakumtaja, na Mama Bado aliamini ni kwa sababu waliona huyo hashikiki tena kwa maneno.

Wa kwanza ulikuwa wa Harusi. Aliuanza binti yake alipochumbiwa. Binti akaolewa, akahama, akajifungua, mtoto akaanza kupanda makochi ya watu, na mfarishi wa Harusi ukawa ndio kwanza umefika nusu. Wa pili ulikuwa wa Mjukuu, wa pembetatu ndogo kama kucha, aliouanza kwa hasira ya kutomaliza ule wa kwanza, akidhani kitu kidogo huisha haraka. Kumbe kitu kidogo kina kona nyingi, na hilo aliligundua akiwa ameshakata vitambaa vyote. Wa tatu ulikuwa wa Mashati, uliotokana na mashati makuukuu ya mumewe. Ukuukuu huo aliupima yeye. Mwenye mashati alikuwa na maoni yake, lakini alipokuja kuulizwa mkasi ulikuwa umeshapita.

Huyo mwenye mashati alikuwa mwalimu wa udereva mpaka alipostaafu. Miaka yote ile ya kukaa pembeni mwa watu wanaotaka kumuua bila kukusudia ilimwachia mazoea ya kukanyaga breki kila jambo linapomtisha, hata akiwa kitandani. Vinginevyo alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Sebuleni alikuwa na kiti chake cha mikono, karibu na dirisha, na hapo ndipo mfarishi wa Harusi ulipojitandaza. Wa Mashati ulikuwa umelala kwenye kochi. Wa Mjukuu ulikaa ndani ya kikapu juu ya meza ya kulia, pamoja na pini, chaki na vibobini vya uzi. Kwa hiyo mzee wa watu alikuwa anakula amekaa kwenye kigoda, sahani mapajani, na hasemi neno.

Mama Bado naye alikuwa kazini kutwa, kwenye dirisha la dawa la hospitali. Mgonjwa analeta cheti, yeye anatoa dawa na kueleza. Hiki kimoja kutwa mara tatu. Hiki baada ya kula. Hiki usichanganye na pombe, na wewe baba usinikonyeze, nimesema usichanganye. Kazi ile aliimudu barabara. Nyumbani hakuna alichowahi kumaliza, lakini dirishani hakuwahi kumpa mtu dawa ya mwenziwe, na ni kwa sababu ya dirisha lile aliweza kujicheka kwa mengine yote.

Sasa siku moja akarudi kutoka kazini, akaunyanyua mfarishi wa Harusi, akakuta mstari mzima umeshonwa. Akakuna kichwa. Jana alishona, ndiyo, lakini kidogo tu, tena akisinzia. Akautazama tena mstari, akaamua kujipongeza. Hakuwa na mazoea ya kubishana na bahati.

"Kumbe nikisinzia ndio nachapa kazi," alimwambia wifi yake. "Kuanzia leo nalala na sindano."

"Angalia tu usijishone na kaka yangu," wifi akajibu.

Baada ya hapo mambo yakawa yanakwenda. Wa Mashati ukaongezeka mkono mmoja na kola. Wa Harusi ukavuka ile nusu iliyomshinda tangu binti yuko kwao. Hata wa Mjukuu, siku moja alipoufunua, alikuta kona nzima imetimia, pembetatu kwa pembetatu. Mama Bado akavimba kichwa. Akiulizwa habari za mifarishi hakusema tena bado, alisema, "Naendelea," huku ametazama pembeni kama mtu anayeficha cheo. Kazini akawa anawahubiria wenzake kwamba haba na haba hujaza kibaba, siri ni kutoacha, na wenzake, waliomjua vizuri, walimsikiliza kwa huruma.

Lililomrudisha chini ni uzi. Aliukumbuka vizuri sana uzi ule. Alikuwa ameiacha sindano imechomekwa kwenye shati la mistari, na ndani yake uzi mweusi, kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha na alikuwa hajanunua mwingine. Aliporudi alikuta sindano iko kwenye shati la kijivu, na uzi ni mweupe, kibobini kipya kiko kando yake. Hakukumbuka duka wala njia ya kwenda dukani. Alikaa kwenye ukingo wa kochi na kile kibobini mkononi.

Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kuchemsha chai mara mbili, na mara ya pili akishangaa nani ameacha birika la moto. Watu walicheka, na mama mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwisho alikuwa anamwita binti yake dada, na kumuuliza, "Kwenu ni wapi tukupeleke, kabla wazazi wako hawajawa na wasiwasi?" Mama Bado alimwogesha, alimlisha, alimjibu swali lile lile kutwa nzima, na moyoni alikuwa akijiuliza mama alikuwa na umri gani ilipoanza. Sasa umri huo aliufikia yeye.

Aliogopa. Aliogopa sana, na kwa kuwa alizoea kujitania, akajaribu. Akajiambia, wenzako husahau kazi walizotumwa, wewe unasahau ulizokwisha kufanya, shukuru Mungu. Halikumchekesha.

Dirishani akaanza kurudia kila kitu. Boksi alilokwisha kulisoma alilisoma tena, akafunga, akafungua, akasoma. Usiku uliopita je, alishona au hakushona? Na kama anaweza kushona mkono mzima wa shati asijue, ataujuaje mkono uliompa mtoto wa watu vidonge visivyo vyake? Foleni ikafika mlangoni. Mkuu wa chumba cha dawa, dada wa umri wa binti yake na mwenye heshima zake, akamsogelea.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nakuwa makini tu."

Na huyu ndiye aliyekuwa akiwagombeza wagonjwa kila siku kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Aligombeza hata siku ile. Akasikia sauti yake mwenyewe ikipita kwenye kile kidirisha, akaona haya.

Akapiga moyo konde. Atamwomba mkuu amtoe dirishani, ampeleke stoo akapange maboksi, maana boksi hata ukilikosea halifi. Lakini hakumwambia mumewe. Ni yeye aliyekuwa akimbeba mama mkwe wake mgongoni kumpeleka bafuni, miezi yote ile, bila kununa. Zamu yake alishaimaliza. Mama Bado hakuona ataanzaje kumwambia kwamba kuna nyingine inakuja.

Siku aliyopanga kusema, kichwa kilimuuma kwa kule kurudia-rudia, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani mchana. Alipovua viatu mlangoni akasikia sauti ya mumewe sebuleni, ya chini, inamwelekeza mtu.

"Ingia. Ingia taratibu, usikimbilie. Haya, tokea huku. Sasa zunguka. Nimesema zunguka, nani amekuambia urudi nyuma?"

Akachungulia. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, ule wa Harusi ameusukuma kando, miwani puani, kastabini imembana kidole, mfarishi wa Mashati mapajani, anaifundisha sindano. Kila ilipofika kwenye kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu.

Alipomwona mkewe, akausukuma mfarishi chini yake, akaukalia.

"Unafanya nini?" Mama Bado akauliza.

"Nimekaa."

"Umekaa juu ya nini?"

Mumewe akafikiri kidogo, kisha akainuka polepole sana, mkono nyuma.

"Juu ya sindano."

Mama Bado alicheka hadi akashika mlango. Alicheka, akakaa sakafuni, na pale sakafuni kicheko kikageuka kilio, na mumewe, aliyedhani amefumaniwa kwa kosa la uzi tu, akachanganyikiwa kabisa.

"Nisamehe, mke wangu. Nilitaka kiti changu tu. Nikaona nikikusubiri umalize nitazikwa sijakikalia. Nikasema nikusaidie kidogo kidogo ukiwa kazini. Ningekuambia ungefumua."

"Ningefumua, kweli," akasema katikati ya machozi. Akauvuta mfarishi, akaitazama mishono vizuri kwa mara ya kwanza. Ilipanda, ikashuka, ikapishana, mingine mirefu kama ya kufungia gunia. "Na mimi nikajisifu kwa mishono hii. Wifi nimemwonyesha. Kazini nimetoa mahubiri."

"Kwani mibaya?"

"Imelewa, mume wangu. Imelewa chakari."

Ndipo akamweleza yote: uzi mweupe, birika la mama, foleni, maboksi ya stoo. Mumewe alisikiliza amevua miwani, bado kastabini kidoleni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba umeoa binti wa mama yangu?"

"Hilo nilijua tangu siku ya kwanza," akasema, na akamfuta uso kwa kipande cha shati lake mwenyewe.

Ah, wepesi alioupata pale. Mama Bado alijisikia kama ametua gunia la saruji. Akasimama, akaanza kuzungumza mfululizo, akamwita mumewe mwizi wa sifa, akamwambia kesho anarudi dirishani na foleni yote itatembea. Akaenda mezani, akautoa mfarishi wa Mjukuu kikapuni.

"Lakini huu nakuvulia kofia. Kona nzima, tena vipembetatu hivi. Umeviwezaje na vidole vyako hivyo?"

"Upi?"

"Huu wa Mjukuu."

"Huo sijaugusa."

"Usinitanie, baba."

"Sikutanii. Vipande vile siviwezi. Nilijaribu kukishika kimoja, nikakitafuta hadi leo sijakiona. Mimi nimeshona wa Harusi na wa Mashati, basi."

Mama Bado akausogeza mfarishi dirishani, kwenye mwanga. Mishono ya kona ile ilikuwa midogo, iliyonyooka, inayolingana. Mwisho wa kila uzi palikuwa na fundo la kuzungusha mara mbili na kulificha chini ya kitambaa, na katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyefunga fundo la namna hiyo. Akajitafuta. Akatafuta siku aliyoishona, nguo aliyokuwa amevaa, redio ilikuwa inasema nini, kama kulikuwa na mvua. Hakupata kitu.

Mumewe alikuja kusimama kando yake.

"Kesho tutakwenda kumwona daktari," akasema.

"Kesho niko dirishani."

"Kesho hutakuwa dirishani, mke wangu." Aliisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa mwanafunzi aliyekwisha kugonga, taratibu, bila lawama. "Tutapita kwanza kwa mkuu wako, umwambie mwenyewe. Mimi nitakuwa hapo pembeni."

"Labda ni uchovu tu."

"Labda. Daktari atatuambia."

Mama Bado akatikisa kichwa kukubali. Angekuwa mgonjwa wa foleni yake, angemwambia vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Akawa anaipapasa ile kona kwa kidole, kutoka fundo hadi fundo.

"Lakini tazama," akasema. "Maisha yangu yote sijawahi kushona vizuri namna hii. Ningemjua aliyeshona ningempa mkono."

"Mimi namjua," mumewe akasema. "Ukimsahau, uniulize."